Betri Haiweki Umeme

Tangu redio ndogo za betri zilipoingia vijijini kwetu, kuna dawa moja ambayo karibu kila nyumba iliijua bila kufundishwa darasani. Betri zikichoka na sauti ya mtangazaji ikaanza kufifia, mwenye redio huzitoa, huzianika juani kutwa nzima, na jioni huzirudisha mahali pake. Redio inazungumza tena. Inamaliza taarifa ya habari, pengine na salamu za wasikilizaji, kisha inanyamaza. Kesho yake zinaanikwa tena, na safari hii hazifiki hata nusu ya taarifa.

Waliokwenda shule wamezoea kuwacheka wanaoanika betri. Mimi siwacheki, kwa sababu walichokiona ni kweli. Jua huipa betri nguvu kidogo, na nguvu hiyo haidumu. Yote mawili yana sababu yake, na anayeishika sababu hiyo atajua pia kwa nini betri ya sola hufa kabla ya siku zake, kwa nini betri ya simu huvimba, na kwa nini kule Mombasa watoto waliugua kutokana na betri za magari ambayo wazazi wao hawakuwa nayo.

Kwanza tuondoe fikra moja iliyozoeleka. Tunasema betri imejaa moto, betri imeisha moto, na moyoni tunaona kitu kilichopimwa kiwandani kikamiminwa ndani, kisha tunakichota kidogo kidogo mpaka kiishe. Haiko hivyo. Betri haiweki umeme. Ndani ya betri ya kawaida ya redio mna kopo la zinki, madini yale yale yanayopakwa juu ya mabati ya kuezekea. Katikati ya kopo umesimama ufito mweusi wa kaboni, na kuuzunguka umeshindiliwa unga mweusi wa manganizi iliyoungana na oksijeni. Baina ya unga huo na kopo kuna uji mzito wenye chumvi. Basi. Hakuna kingine. Umeme unatengenezwa pale pale unapobonyeza swichi, na unakoma kutengenezwa pale unapoizima.

Unatengenezwaje? Kila kitu duniani kimeundwa kwa atomu, na kila atomu ina elektroni, zile chembe ndogo mno zenye chaji hasi. Vitu havilingani katika kuzishikilia elektroni zake. Zinki ni nyepesi ya kuzitoa. Ile manganizi yenye oksijeni ina uchu wa kuzipokea. Shaba iko mbali na zinki katika jambo hili, fedha iko mbali zaidi, na dhahabu huzing'ang'ania elektroni zake kiasi kwamba pete ya bibi haishiki kutu hata ikikaa miaka 100 sandukuni. Elimu nzima ya kemia ya umeme inasimama juu ya tofauti hiyo: yupo anayetoa, yupo anayepokea.

Mwalimu wa sayansi anayenisikiliza anaweza kuwaonyesha wanafunzi wake jambo hili bila maabara ya gharama. Ayeyushe mrututu katika glasi ya maji, ule unga wa buluu ambao wakulima wengi wanaujua, kisha atumbukize kipande cha zinki. Baada ya muda zinki itavaa ukoko wa rangi ya kahawia iliyoiva, nayo ni shaba halisi. Buluu ya maji itaanza kupauka. Kila atomu ya zinki imetoa elektroni 2 na kuzama majini ikiwa ioni, maana yake ni atomu iliyopungukiwa na elektroni zake, na kila ioni ya shaba iliyokuwa ikielea majini imezipokea elektroni hizo 2 na kurudi kuwa shaba. Mtoaji na mpokeaji wamegusana, wamepeana, na nishati yote iliyotoka katika kupeana huko imepotea kwa joto. Hakuna taa iliyowaka.

Mwaka 1836 mwanakemia wa London, John Frederic Daniell, aliwatenganisha hao wawili. Zinki akaiweka upande wake, shaba pamoja na maji ya mrututu upande wake, na katikati kizuizi kinachopitisha unyevu lakini kinachozuia maji ya pande mbili yasichanganyike. Juu akaunganisha kwa waya. Sasa zinki bado inataka kutoa, ioni za shaba bado zinataka kupokea, lakini elektroni hazina njia ila kuzunguka kwenye waya. Tofauti ya nguvu kati ya pande hizo mbili ni volti 1.1, na betri za namna hiyo zilitumika kwa miaka mingi kupeleka simu za maandishi.

Wakazi wa Dar es Salaam wataielewa hali hii wakifikiria safari ya kutoka Kigamboni kwenda mjini. Kuna kivuko cha Magogoni, na kuna barabara inayozunguka kupitia Daraja la Nyerere kule Kurasini. Tuseme pale kivukoni wanaruhusiwa watembea kwa miguu peke yao, na kila gari halina budi kuzunguka darajani. Ndani ya betri, ioni ndizo watembea kwa miguu: zinavuka katika ule uji wa chumvi. Elektroni ndizo magari: uji hauzipitishi, kwa hiyo zinazunguka nje, kwenye waya. Sisi tumeiweka redio yetu barabarani, na kila elektroni inayotaka kufika upande wa pili inaifanyia kazi kwanza. Na pande hizo mbili hazina budi kwenda pamoja. Elektroni zikiondoka na ioni zisisogee, chaji inarundikana upande mmoja na msafara unasimama papo hapo. Ndiyo maana betri iliyokauka uji wake haifanyi kazi hata kama zinki bado ipo.

Sasa turudi juani. Redio inapofanya kazi kwa saa nyingi, mabaki ya kupeana huko hurundikana karibu na ule unga mweusi, na ioni huchelewa kusambaa. Betri inachoka kabla ya kumaliza zinki yake. Ukiipumzisha, ioni hupata nafasi ya kusambaa. Ukiipasha joto, zinasogea upesi zaidi na kemia yenyewe inakwenda mbio zaidi, volti zinapanda kidogo na redio inaamka. Kumbe aliyeianika ameipa betri mambo mawili kwa pamoja, mapumziko na joto. Lakini zinki iliyokwisha kutoa elektroni zake haikurudi. Jua haliwezi kuirudisha. Kila siku inayopita kinachobaki ni kidogo zaidi, na ndiyo maana dawa ile hupungua nguvu kila inaporudiwa.

Wale wanaoziuma kwa meno nao wana sababu, maana wanaubana unga ushikane na uji. Hapo lakini nitawasihi waache. Kumbuka kwamba kopo la betri ndiyo zinki yenyewe, yaani betri inalila kopo lake kadiri inavyofanya kazi. Betri iliyochoka ina kuta nyembamba, mara nyingine zimeshatoboka, na yale maji yanayoziozesha springi za redio ndiyo yatakayoingia kinywani. Betri za alkali ni mbaya zaidi, kwa kuwa ndani yake mna magadi makali ya potasiamu yanayounguza ngozi na macho. Betri zikiisha zitoe ndani ya redio siku hiyo hiyo, usizibane, na usijaribu kuchaji zile ambazo hazikutengenezwa kuchajiwa. Gesi hujaa ndani zikapasuka.

Aliyekuwa wa kwanza kupanga vitu hivi makusudi ni Mwitaliano Alessandro Volta. Kabla yake, huko Bologna, daktari Luigi Galvani aliona mguu wa chura aliyekufa ukiruka ulipoguswa na metali mbili tofauti, akaandika mwaka 1791 kwamba umeme huo umo ndani ya mnyama. Volta akabisha. Alisema chura ni unyevu tu, siri iko katika metali mbili. Akamwondoa chura, akapanga visahani vya zinki na vya fedha kwa zamu, na kati yao karatasi nene zilizoloweshwa maji ya chumvi. Ukigusa juu na chini ya rundo hilo kwa vidole vilivyolowa, unapigwa shoti. Tarehe 20 Machi 1800 aliandika barua ndefu kwa Joseph Banks, rais wa jumuiya ya wanasayansi ya London, na dunia kwa mara ya kwanza ikapata umeme unaotiririka mfululizo badala ya cheche ya mara moja.

Kinachonigusa zaidi katika habari ya Volta ni kwamba yeye mwenyewe hakuona umeme ule unatoka wapi. Aliamini kwamba kugusana kwa metali kunatosha, na zinki ilipoliwa na maji ya chumvi aliona ni usumbufu tu. Kumbe kule kuliwa ndiko kulikokuwa malipo. Hakuna umeme wa bure: kila elektroni iliyopita kwenye waya imelipiwa na atomu ya zinki iliyozama. Hata ile ndimu inayochomekwa msumari wenye zinki na waya wa shaba katika maonyesho ya shule haiwashi kitaa kwa nguvu za ndimu. Ndimu ni kivuko. Anayelipa ni zinki ya msumari.

Na njia hii inapitika pande zote mbili. Ikiwa kemia inaweza kutoa umeme, umeme nao unaweza kulazimisha kemia irudi nyuma. Mwaka ule ule wa 1800, Waingereza Nicholson na Carlisle waliposikia habari za Volta walitengeneza rundo lao, wakatia nyaya zake majini, na maji yakagawanyika yakawa haidrojeni na oksijeni. Mwaka 1807 mwanakemia Humphry Davy alipata potasiamu na sodiamu kwa njia hiyo, madini ambayo hakuna mtu aliyekuwa ameyaona kabla. Leo malori tunayopishana nayo katika barabara ya Tunduma, yakiteremka bandari ya Dar es Salaam na mabamba ya shaba kutoka Kongo na Zambia, yamebeba matunda ya elimu hiyo hiyo. Shaba iliyoyeyushwa katika asidi imepitishiwa umeme, na ioni moja baada ya nyingine zimepokea elektroni na kuganda juu ya bamba, safi kwa zaidi ya asilimia 99.9. Ni ule mrututu wa glasi ya mwalimu, umefanywa kwa maelfu ya tani.

Hapa kuna swali ambalo wanunuzi wengi hujiuliza dukani. Betri nene ya redio kubwa na betri nyembamba ya rimoti zote zimeandikwa volti 1.5. Vipi? Volti hutokana na aina ya vitu vilivyokutanishwa, na ukubwa hauna neno katika hilo. Zinki na manganizi zitatoa karibu volti 1.5 hata ukitengeneza betri kubwa kuliko pipa. Ukubwa unaamua kitu kingine: utaendelea kwa muda gani, na unaweza kutoa mkondo mkubwa kiasi gani kwa mara moja. Ukitaka volti zaidi, unazipanga betri kwa mstari, na ndiyo maana redio ya betri 4 inatumia volti 6.

Muda nao unahesabika. Michael Faraday, mtoto wa mhunzi aliyejisomea akiwa fundi wa kujalidi vitabu, alionyesha katika miaka ya 1830 kwamba kiasi cha umeme na kiasi cha madini yaliyotumika huenda sambamba bila kukosea. Kwa hesabu yake, gramu 1 ya zinki ikitumika yote hutoa ampia 0.82 kwa saa nzima. Gramu 1 ya madini ya risasi hutoa ampia 0.26 tu kwa muda huo. Gramu 1 ya lithiamu hutoa ampia 3.86. Tazama tofauti hiyo. Risasi na lithiamu zimeachana karibu mara 15, na katika tarakimu hizo umeelezwa kwa nini betri ya lori inabebwa na watu wawili na betri ya simu inakaa mfukoni.

Lithiamu ni metali nyepesi kuliko zote, na ni mtoaji mwepesi kupita zinki. Kwa sababu hiyo hiyo ni hatari: haipatani na maji kabisa, kwa hiyo kivuko cha ndani yake hutengenezwa kwa kimiminika kinachoshika moto. Wanasayansi Stanley Whittingham, John Goodenough na Akira Yoshino walitumia miaka ya 1970 na 1980 kutafuta namna ya kuituliza, wakafanikiwa kuifanya ioni yake iende na kurudi kati ya tabaka za kaboni na tabaka za kobalti yenye oksijeni, bila kuwa na metali tupu ndani. Kampuni ya Sony iliipeleka sokoni mwaka 1991, na watatu hao walipata tuzo ya Nobel mwaka 2019, Goodenough akiwa na umri wa miaka 97. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inachimbwa Kongo, kwa wazungumzaji wenzetu wa Kiswahili wa Kolwezi na Likasi, na wachimbaji wadogo wa huko wanaingia mashimoni bila kofia wala viatu ili sisi tuchaji simu usiku. Hilo lina mazungumzo yake peke yake, na halipaswi kusahauliwa kwa kuwa simu ni nyepesi.

Kuhusu simu nitasema moja tu. Kinachotenganisha mtoaji na mpokeaji ndani yake ni utando mwembamba kuliko unywele. Betri ikivimba maana yake imeanza kutoa gesi ndani. Usiitoboe, usiikandamize chini ya mto, usiendelee kuichaji. Utando ukipasuka, wale wawili wanakutana, na yote yaliyokuwa yapitie kwenye waya kwa siku nzima yanatoka kwa dakika chache yakiwa moto.

Sasa nifike kwenye betri ambayo naamini inatuhusu kuliko zote, betri ya risasi na asidi. Mfaransa Gaston Planté aliitengeneza mwaka 1859, na hadi leo ndiyo inayowasha magari yetu mengi na taa za sola za maelfu ya nyumba, za maduka, na za zahanati. Ni betri ya kwanza iliyoweza kurudishwa nyuma: ukiisha kuitumia, unaipitishia umeme kwa upande wa pili, na kila kitu kinarudi mahali pake. Upande hasi una plati za risasi tupu. Upande chanya una plati za risasi iliyoungana na oksijeni, zenye rangi ya kahawia. Zote zimezama katika asidi ya salfa iliyochanganywa na maji. Kila chumba hutoa volti 2 na kidogo, vyumba viko 6, jumla 12.

Jambo la kuangalia ni hili. Betri inapotumika, plati za pande zote mbili zinageuka kuwa kitu kimoja, chumvi nyeupe inayoitwa salfeti ya risasi, na asidi inapungua ikibaki maji. Kwa hiyo fundi anayechota maji ya betri kwa kipimo cha kioo na kusoma uzito wake hafanyi uganga. Betri iliyojaa husoma kati ya 1.26 na 1.28. Ikishuka kwenye 1.15, betri iko karibu kuisha. Kama huna kipimo hicho, ipumzishe betri saa chache kisha pima volti: 12.6 na zaidi imejaa, 12 imekwisha, hata kama taa bado inawaka.

Ile chumvi nyeupe ndiyo kaburi la betri nyingi. Ikiwa mpya ni laini, imetawanyika, na ukichaji inarudi kuwa risasi na asidi. Ukiiacha siku nyingi, inaganda, inakuwa fuwele kubwa ngumu, na chaji haiigusi tena. Mtu anatazama runinga mpaka taa zinaanza kuwa nyekundu, analala, kesho kuna mawingu, keshokutwa mawingu, na betri inakaa tupu wiki nzima. Haikuisha nguvu, imegeuka jiwe ndani. Fundi mwaminifu atakwambia uishie nusu, uchaji mapema, na ununue kidhibiti cha chaji kabla hujanunua runinga.

Kuna kosa jingine linalogharimu familia fedha nyingi, nalo ni kuweka betri ya gari kwenye sola. Betri ya gari imeundwa kutoa mamia ya ampia kwa sekunde chache za kuwashia injini, kisha ijazwe papo hapo na jenereta ya gari. Ndiyo maana plati zake ni nyembamba na nyingi, ili asidi iguse eneo kubwa. Ukiitumia kuwashia taa usiku kucha, kila siku, plati hizo zinaporomoka. Betri ya sola ina plati nene, na ina bei kubwa kwa sababu ina risasi zaidi. Muuzaji anayekwambia zote ni sawa hakutakii mema.

Na maji? Betri inapochajiwa kupita kiasi, inafanya kile walichofanya Nicholson na Carlisle: inayagawa maji yake kuwa haidrojeni na oksijeni, na gesi hizo zinatoka. Kinachopotea ni maji, asidi inabaki. Kwa hiyo kinachoongezwa ni maji, tena yale yaliyokenekwa, si ya bomba wala ya kisima, maana chumvi na chuma vilivyomo vinaziharibu plati. Asidi haiongezwi. Na kwa kuwa haidrojeni hulipuka kwa cheche ndogo, usichaji betri chumbani mnamolala, usiisogelee na sigara wala koroboi, na usigonganishe vyuma juu yake. Mafundi wenye makovu usoni wapo katika miji yetu, na wengi wao wanajua siku gani na cheche ipi.

Betri ikifa, risasi yake haijafa. Zaidi ya nusu ya uzito wake ni risasi, inayoweza kuyeyushwa na kutengenezwa betri nyingine, na hilo ni jambo jema. Ni vitu vichache vinavyotumika upya kwa ukamilifu hivyo. Wanunuzi wa vyuma chakavu wanajua thamani yake, wanainunua kwa kilo. Balaa linaanza pale inapopasuliwa kwa shoka nyuma ya nyumba, asidi ikamwagwa mtaroni, na risasi ikayeyushwa katika sufuria ili itengenezwe chubwi za mishipi na nyavu. Risasi haina harufu ya kutisha. Inaingia kwa moshi, kwa vumbi, kwa mikono ya mtoto anayetambaa. Mwili wa mtoto huifyonza kuliko wa mtu mzima, na huenda kwenye ubongo, kwenye damu na kwenye mifupa. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama. Huko Thiaroye-sur-Mer, karibu na Dakar, Senegal, watoto 18 walikufa kati ya mwisho wa 2007 na mwanzo wa 2008, katika mtaa ambako watu walikuwa wakichekecha udongo wenye mabaki ya betri ili wauze risasi.

Kwetu ni Owino Uhuru, Mombasa, mtaa wa watu wapatao 3,000. Kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kilijengwa ukutani mwa nyumba zao. Moshi uliingia madirishani, maji machafu yalipita milangoni, watoto wakaanza kuugua na kuharibika mimba kukawa jambo la kawaida. Phyllis Omido, aliyekuwa ameajiriwa katika kiwanda hicho, alimpeleka mwanawe mchanga hospitali akiwa hoi, na vipimo vikaonyesha risasi ndani ya damu yake. Akaacha kazi, akawaunganisha majirani, akatishwa, akakamatwa, hakunyamaza. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Mwaka 2015 alipewa tuzo ya Goldman ya watetezi wa mazingira. Mwaka 2020 mahakama ya mazingira na ardhi mjini Mombasa iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Hukumu hiyo ikatenguliwa katika rufaa, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ya Kenya ikairudisha.

Nimeyaeleza haya kwa urefu kwa sababu paneli za sola zinapanda juu ya mapaa yetu kila mwezi, nami nazifurahia, kwani nimeona zahanati zikizalisha akina mama kwa mwanga wake. Lakini kila paneli yenye betri ya risasi chini yake itatoa betri mbovu baada ya miaka michache. Mpango wa kuziweka paneli upo. Mpango wa kuzipokea betri zikifa, katika halmashauri nyingi, hauonekani.

Kwa hiyo nina maombi. Betri yako ikifa, usiifungue, usimwage asidi yake, usiiache pembeni mahali watoto wanapocheza. Ipeleke ikiwa nzima, imesimama wima, kwa muuzaji anayepokea za zamani anapouza mpya, na umuulize anazipeleka wapi. Ukiwa mvuvi, nunua chubwi zilizotengenezwa, usiyeyushe risasi katika sufuria, na kamwe usipikie sufuria iliyowahi kuyeyushia risasi. Na ninyi mlio katika vikao vya halmashauri, siku mwekezaji atakapoleta maombi ya kiwanda cha betri chakavu, pimeni damu za watoto wa jirani kabla tanuru halijawashwa, mzipime tena kila mwaka, na matokeo yabandikwe mahali ambapo wazazi wao wanaweza kuyasoma.